Dakika Kumi za Mwisho

Walisema mwanamke mmoja alitoka kwenye picha ile bila viatu. Walisema aliinuka katikati ya onyesho la saa nane mchana, akapita njia ya kati kama mtu anayetembea ndotoni, akavuka barabara peku, na tangu siku hiyo hajamwambia mtu neno lolote, hata mumewe. Uvumi ni uji wa nyumba yenye wageni: kila anayefika unaongezwa maji. Kwa hiyo ya mume sikuyaamini, na ya barabara niliyaamini nusu. Lakini viatu niliviona. Niliviokota mimi, chini ya kiti cha kumi na nne, safu ya nane. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Havikuwa vimetupwa. Vilipangwa sambamba, kama vya mtu aliyevivua kando ya kitanda chake akijua kesho atavihitaji.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu, hasa mama mwenye binti aliyenyamaza. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe nikitangulia mahali au nikichelewa. Kuchelewa ndiko hasa kulikoniponza.

Mimi ni mfagiaji wa jumba la sinema, na mwaka huu ni wa tisa. Kazi yangu ina kanuni moja: kati ya onyesho na onyesho kuna robo saa tu, basi taa zikiwaka mfagiaji awe ameshaingia. Ndiyo maana huingia zikiwa zimebaki dakika kumi. Nasimama mlango wa pembeni, nyuma ya pazia zito, ufagio mkono huu na kizoleo mkono huu, nangoja watu wa kwenye skrini wamalize mambo yao ili nami nianze yangu. Kwa hiyo najua miisho. Ukiniuliza nani aliua, nitakuambia. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Nimehudhuria harusi mia za watu ambao sijui walikutana wapi. Na pale ninaposimama pana nguzo. Inakula robo ya skrini, upande wa kushoto. Mwaka wa kwanza ilinisumbua, mwaka wa pili nikaacha kuiona. Mtu akizoea nguzo, hudhani dunia inaishia hapo.

Picha ile ilikuwa ya nchi ya mbali, watu wanasema kwa lugha yao, na maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Maandishi hayo hunikimbia. Nikifika neno la tatu, wenyewe wameshagombana na kupatana. Lakini mwisho wa picha ile haukuhitaji kusoma. Chumba cheupe. Dirisha. Beseni la bati juu ya kigoda. Binti amelala chali, kichwa kimeegemezwa ukingoni mwa beseni, macho ameyafumba, uso umetulia kama maji ya mtungini. Mama yake anachota maji kwa kikombe, anamwosha nywele polepole, anazichana, huku akiimba bila kufungua mdomo. Basi. Skrini inakuwa nyeusi.

Niliupenda mwisho ule kuliko yote ya miaka tisa. Nilijiambia, hawa walikosana, sasa wamepatana. Taa zikiwaka, watu wanajifuta nyuso, na mimi nazoa karatasi za kujifutia safu kwa safu, zimelowa, nyepesi, nyingi kuliko bisi zilizomwagika. Nilidhani ni kilio cha kushukuru.

*

Binti yangu ni wa mwisho kuzaliwa, nyumbani tunamwita Kitinda. Alirudi kwangu kujifungua, kwa sababu mumewe ni dereva wa malori na barabara haina nafasi ya mzazi. Mtoto alikuwa wa kike. Alikaa nasi miezi mitano. Siku moja mchana Kitinda alimlaza, akatoka uani kuanika nguo, akarudi akamkuta amekwisha kupoa.

Niliitwa nikiwa kazini. Niliingia na sare yangu mwilini, nikamkuta ameketi sakafuni, mtoto mapajani, beseni la nguo mbichi liko mlangoni. Nikasema, "Ulikuwa wapi?"

Akasema, "Nilikuwa naanika."

Hayo tu. Daktari alieleza baadaye kwamba moyo wa mtoto ulikuwa na kasoro tangu tumboni, kwamba hata angekuwa amempakata yangekuwa hayo hayo. Sote tuliitikia kwa vichwa. Kaburi dogo halichukui muda kuchimbwa. Saa nne asubuhi tulikuwa tumesharudi. Baada ya wiki tatu mkwe wangu alirudi kwenye lori lake, naye Kitinda akabaki nami.

Hakulia. Hilo ndilo lililoninyima raha. Alipika, aliosha vyombo, aliitikia akiitwa, ila machozi hayakutoka. Nami nililelewa kuamini kwamba kilio kilichokwama ni mwiba: usipotoka, unatunga usaha. Jambo jingine nililiona nisilielewe. Aliacha kuanika nguo nje. Alizitandaza juu ya viti, juu ya milango, juu ya mbao za kitanda, nyumba ikawa inanuka unyevu. Nilidhani anaogopa wezi wa kamba. Nilimwambia hata wezi wana aibu, hakuna atakayeiba kanga zangu zilizotoboka. Hakucheka.

Sasa, pale kazini yupo mkata tiketi mmoja tunamwita Redio. Hazimiki. Ndiye aliyeniletea habari ya mwenye viatu, nikiwa ndiyo kwanza nimeviweka kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa.

"Dada, umesikia? Inasemekana hasemi tena."

"Labda amepumzika. Wewe ukinyamaza siku moja, mtaa mzima utapata usingizi."

"Cheka. Mimi sisemi watu, nasimulia tu. Fundi wa mashine ananiambia picha ile ikifika nusu saa, yeye anageukia ukutani."

"Fundi anaogopa hata mende. Picha inaisha vizuri ile. Mwisho wake naujua."

"Mh. Basi wewe unajua."

Redio hakuwa ameiona picha hata dakika moja. Dirisha la tiketi linatazama barabarani.

Nilikwenda nyumbani na habari ile ikanifuata. Nikisuuza sufuria, naviona vile viatu. Nikifunga mlango, naviona. Wiki nzima nilivibeba kichwani kama mtu aliyetumwa na kusahau ametumwa kwa nani. Na hapa ndipo naomba msome taratibu, kwa sababu akili yangu ilipindia hapa. Nilisikia onyo nikadhani ni sifa ya dawa. Nilisema, kama picha hii ina nguvu ya kumsahaulisha mtu viatu vyake, basi itamzibua binti yangu. Atalia. Ataona mama na binti wamepatana kwenye maji ya uvuguvugu, atarudi nyumbani mwepesi.

Kila mwezi mfanyakazi hupewa tiketi moja ya kumpa amtakaye. Nilimpa.

"Nenda, mwanangu. Ni picha ya mama na binti yake. Itakufaa."

"Itanifaa nini?"

"Utalia kidogo."

Alikuwa anakunja shuka mbichi kwenye mgongo wa kiti. "Kumbe nisipolia nakusumbua."

"Unanitisha," nikasema, na huo ulikuwa ukweli.

Alikwenda Alhamisi. Alivaa gauni la bluu, akajipaka mafuta usoni, nikaona ni dalili njema. Nilipoingia zikiwa zimebaki dakika kumi, nilimtafuta gizani nikamwona kwa kisogo, safu ya sita, amekaa wima. Wote waliomzunguka wanavuta kamasi. Yeye hakuwa akilia. Taa zikawaka, watu wakatoka, akabaki. Nikaacha ufagio nikamfuata.

"Umeipenda?"

Aligeuka akanitazama. "Mama, wewe umeiona hii?"

"Nimeiona. Zaidi ya mara ishirini."

"Zaidi ya mara ishirini."

"Ndiyo."

"Na ukasema hii ndiyo inayonifaa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sawa, mama," akasema. Akaokota mkoba wake. Akanipisha nifagie.

Nimeyarudia maneno hayo kuliko ninavyorudia sala. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, na hakuna ukweli.

*

Ijumaa hakutoka chumbani. Jumamosi alitoka akanywa chai kavu. Nikajiambia, dawa huuma kabla ya kuponya. Nikajiambia, sasa zamu ni yangu. Yule mama wa kwenye skrini hakungoja binti yake amwanze.

Jumapili asubuhi nilichemsha maji. Nikatafuta beseni la bati, sikulipata, nikatumia la plastiki jekundu. Nikaliweka juu ya kigoda karibu na dirisha la sebuleni, nikatandika taulo, nikachukua kitana na kikombe. Niliona hata mwanga unavyoingia, nikasogeza pazia kidogo ili ufanane na ule. Moyo ulinidunda kama msichana anayengoja kuposwa. Nikamwita.

"Njoo ulale hapa nikuoshe nywele."

Alisimama mlangoni. Alitazama kigoda, akatazama beseni, akatazama kikombe mkononi mwangu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa vile, kama duka linaloteremsha mlango wa chuma mchana kweupe.

"Mimi bado sijafa, mama," akasema. "Subiri kidogo."

Akarudi chumbani. Nikasikia kitasa kinazungushwa, polepole, bila hasira. Nilibaki na maji yangu mpaka yakapoa, na sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilifikiri amechanganyikiwa.

Jumatatu nilimwomba Redio anishikie zamu ya saa nane. Fundi wa mashine alikuwa anashuka ngazi na birika lake.

"Miaka tisa," akasema, "leo ndiyo unakaa?"

"Leo nakaa."

"Bora ungeanza na ya vichekesho, dada."

Nilikaa safu ya sita, kiti kile kile. Wasomaji wangu, sitawasimulia picha yote, na maandishi mengi yalinipita kama kawaida. Yupo mama kijana. Yupo mtoto mchanga. Mama anamlaza, anatoka bustanini kuchuma nyanya, nyanya sita, anazihesabu kwenye sketi yake, jua liko juu, ndege wanalia. Anarudi. Baadaye muuguzi anamwuliza. Mumewe anamwuliza. Kisha mama yake mzazi anaingia mlangoni na koti lake la kazi, hajalivua, anamkuta binti ameketi, anafungua mdomo. Nilisema maandishi ya chini hunikimbia. Hayo hayakunikimbia. Yalikuwa maneno mawili.

*Ulikuwa wapi?*

Yalikaa pale chini ya skrini, meupe, mtu wa darasa la kwanza angeyasoma.

Baada ya hapo yule binti anaacha kula. Hapigi kelele. Anapunguza tu, leo kijiko, kesho nusu kijiko, na mama yake anampikia, anampikia, mpaka sufuria zote za nyumba ile ziko mezani zimejaa. Halafu kinakuja chumba cheupe. Nikakaza macho. Nilikuwa katikati ya jumba, hapakuwa na nguzo. Upande wa kushoto, ule ambao sikuwahi kuuona, walikuwepo wanawake wawili wamesimama wima, na kati yao wameshika shuka jeupe, wamelikunjua, wanangoja mama amalize.

Taa zikawaka. Redio akaja na ufagio wangu akanikuta sijainuka. Hakusema kitu, na kwa Redio hiyo ni rambirambi.

*

Nilikimbia nyumbani na sare. Nilimkuta anapanga nguo kwenye begi, nyingine bado mbichi.

"Mwanangu, nisikilize. Sikuijua picha ile. Mimi huona mwisho tu. Unajua kazi yangu."

"Ulisema mara ishirini."

"Mwisho, mara ishirini. Na hata mwisho wenyewe, kuna nguzo."

"Nguzo," akasema.

"Kuna nguzo mlango wa pembeni. Sikuona lile shuka. Nilidhani anamwosha nywele. Nilidhani wamepatana. Twende nikakuonyeshe pale ninaposimama, utaona."

Alikaa kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alinitazama kwa huruma, na nilitamani angenipiga.

"Nakuamini, mama. Wewe si mtu wa hila. Picha hukuijua."

"Ee, sikuijua."

"Lakini swali lile hukulisoma kwenye skrini. Uliingia nalo mlangoni, na sare yako." Alifunga zipu ya begi. "Nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba sikusikia vizuri. Sasa nimekwenda nikaulizwa tena, mbele ya watu, kwa herufi kubwa."

Jibu nimelitafuta tangu hapo. Nimejiuliza kama kweli nilimlaumu. Ningependa kuwaandikia kwamba hapana, kwamba ni ulimi tu, kwamba mtu aliyeshtuka husema lolote. Lakini nilimlaumu. Kwa urefu wa maneno mawili nilimlaumu kwa moyo wote, na kisha nikaacha. Yeye hakuwa na njia ya kujua kwamba nimeacha, kwa sababu kuacha sikukusema.

Aliondoka saa kumi na moja jioni kwenda kwa shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu. Nilimbebea begi hadi kituoni. Alinishukuru kama unavyomshukuru mchukuzi.

Wifi yangu ana simu. Ninampigia kila siku wakati wa mapumziko, na mazungumzo yetu yamekuwa mafupi, kama ya watu wanaokaguana kwenye geti.

"Anakula?"

"Ukimkalia, anakula."

"Kiasi gani?"

"Wifi, nitahesabu vijiko?"

"Hesabu," nikamwambia.

Jana alisema ameanza kumpikia vitu vingi mbalimbali, labda kimoja kitamvutia, na sasa meza haina nafasi. Nilikata simu nikasimama na ufagio wangu kwenye ukumbi, sijui kwa muda gani.

"Anaanika wapi?" nilikuwa nimesahau kumwuliza. Nikapiga tena.

"Ndani," akasema. "Na jua lote hili."

Picha ile wameiongeza wiki mbili. Watu wanaipenda. Mara tatu kwa siku nasimama nyuma ya pazia, nguzo iko mbele yangu, na yule mama anachota maji kwa kikombe. Nimemwomba msimamizi aniruhusu niingie taa zikishawaka. Akasema kanuni ni kanuni, robo saa haitoshi. Fundi aliniambia nifumbe macho. Nilijaribu. Ule wimbo wa mdomo uliofungwa unasikika vizuri zaidi ukifumba.

Viatu bado viko sandukuni. Hakuna aliyekuja kuvidai. Nimemwuliza Redio kama anajua yule mwanamke anakaa wapi, akasema yeye alisikia tu kwa mtu, na huyo mtu alisikia kwa mwingine.

Kwa hiyo nawaandikia mambo ya kuepuka. Si mengi.

Usimpeleke mwanao kwenye picha ambayo hujaikalia tangu mwanzo, hata wakikwambia inaisha vizuri.

Usiseme umeiona kama umeona kipande.

Ukiingia kwenye nyumba yenye msiba, usiingie na swali. Ingia na mikono.

Usingojee mtu alie ili wewe upate nafuu.

Nguo zikianza kukaukia ndani, usitanie. Uliza.

Ukimsamehe mtu kosa ambalo hakulifanya, usimsamehe kimoyomoyo.

Usimpikie vitu vingi. Pika kimoja, kaa naye.

Usimwoshe nywele mpaka akuombe.

Ukiokota viatu vya mtu, usiviweke sandukuni. Toka navyo mlangoni siku hiyo hiyo, umwite, hata kama ameshavuka barabara.